Kabla ya kulipia nyumba, uliza ya jirani iliuzwaje

Ukishuka matatu jioni na kupitia sokoni kununua nyanya, hukubali bei ya mama wa kwanza. Unamwuliza fungu ni pesa ngapi, unampita, unamwuliza wa pili na wa tatu, kisha unarudi kwa yule wa kwanza na kumwambia, "Mama, wenzako wanauza 30." Mbuzi wa Krismasi naye hanunuliwi kabla ya kuulizia mbuzi wa watu wengine watatu. Hata kiatu cha mitumba pale Gikomba hubishaniwa mpaka mwenye duka achoke.

Lakini ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, anayeweza kuzozana kwa sababu ya shilingi 10, akienda kununua nyumba ambayo ataitolea jasho kwa miaka 20, bei humwuliza mtu mmoja tu: yule anayetaka kumwuzia. Akiambiwa milioni 13, hujikuna kichwa, akaomba apunguziwe mpaka 12 na nusu. Akikubaliwa, hurudi nyumbani akichekelea kwamba ameokoa nusu milioni. Je, ameiokoa kutoka wapi, ilhali hakujua nyumba yenyewe ni ya pesa ngapi?

Mimi na Baba Watoto tulitafuta nyumba ya kununua kwa muda wa miezi minane. Tulikuwa wapangaji Donholm kwa miaka 11, watoto wetu wawili wakazaliwa humo na kodi ikapandishwa mara tano. Fedha tulizokuwa nazo ni akiba yetu katika chama cha ushirika, pesa za ploti moja ya Kitengela tuliyoiuza, na mkopo ambao benki ilikuwa imekubali kutupa. Hatukuwa na shilingi ya kuchezea. Ndiyo maana nataka nikueleze jambo moja ambalo ningependa hata mwanafunzi anayesoma ukurasa huu alishike kabla hajaajiriwa. Bei ya nyumba usiitafute mdomoni mwa anayeiuza. Itafute katika nyumba za jirani, zinazofanana nayo, ambazo zimekwisha kuuzwa.

Bei mbili

Kila nyumba ina bei mbili. Ya kwanza ni ile inayotajwa: kwenye bango lililopigiliwa langoni, kwenye gazeti, kwenye intaneti na kinywani mwa dalali. Ya pili ni ile ambayo mnunuzi aliitoa mfukoni siku ya siku. Nchini mwetu bei ya kwanza imejaa kila mahali kama vumbi la Januari. Ile ya pili hufichwa kama siri ya ndoa.

Si kila nchi iko hivyo. Huko Uingereza, upande wa England na Wales, idara ya usajili wa ardhi huweka wazi bei zilizolipwa kwa nyumba tangu mwaka 1995, na mtu yeyote anaweza kuangalia nyumba ya mtaa fulani iliuzwa lini na kwa pauni ngapi. Hapa kwetu, mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na ni msaada mkubwa kwa mambo mengine. Ukifanya "sachi" utajua mwenye ardhi ni nani, ukubwa wake, kama ni ya kukodi au ya kumiliki moja kwa moja, na kama kuna deni la benki au zuio juu yake. Lakini cheti hicho hakikuambii jirani yako alilipa pesa ngapi. Hilo lazima ulitafute kwa miguu yako.

Sisi tulianza kama wanavyoanza wengi, kwa kusoma matangazo. Tulihesabu matangazo tisa ya nyumba za vyumba vitatu vya kulala mtaani Buruburu, na bei zake zilikuwa kati ya milioni 12 na milioni 16. Mtu angedhani basi bei ya huko ni milioni 14. Lakini Baba Watoto, ambaye ni mhasibu na hapendi hesabu ya kukisia, aliona kwamba nyumba mbili kati ya hizo zilikuwa zimetangazwa tangu mwaka uliotangulia. Nyumba iliyokaa miezi 14 bila mnunuzi, akasema, inatufundisha bei ambayo hakuna aliyekubali kuilipa.

Nyumba tuliyoipenda ilikuwa mojawapo ya hizo mbili. Bei yake: milioni 13. Dalali alitupokea kwa bashasha, akatufungulia kila mlango, akatusifia kila dirisha.

"Madam, hiyo ndiyo bei ya hapa," aliniambia. "Hata ile ya kona ilienda 13 na nusu."

"Ya kona ipi? Ilienda lini?"

"Hapo hapo karibu. Si zamani."

"Aliyeinunua ni nani, nikamsalimu jirani yangu mtarajiwa?"

Bwana huyo alitazama simu yake, akasema ana mteja mwingine anayemngoja. Sikuambii kwamba madalali wote ni wa namna hiyo. Wapo mawakala waliosajiliwa kisheria, wenye ofisi na majina ya kulinda, na hao ukiwauliza nyumba zilizouzwa watakutajia mtaa, mwezi na bei. Basi wewe uliza hivyo: ipi, lini, kwa ngapi? Asiyeweza kujibu hayo matatu anakupa maoni yake tu.

Vibarazani

Jumamosi iliyofuata tulivaa viatu vya kutembelea. Buruburu ni mtaa mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na nyumba za awamu moja zilitoka kwenye mchoro mmoja. Zimejengwa zikizunguka viwanja vidogo ambavyo wakazi huviita "koti". Ukiijua nyumba moja ya koti fulani, umewajua dada zake. Nyumba za Karen au Runda, ambapo kila mtu amejenga alivyoota, hulinganishwa kwa taabu zaidi.

Tuliingia kwenye duka la karibu, tukanunua soda, tukauliza nani amehamia miezi ya karibuni. Tulimwuliza bawabu. Tulimwuliza fundi wa mabomba, kwa maana fundi huitwa katika kila nyumba iliyobadilisha mwenyewe. Mwishowe tukaelekezwa kwa mzee mmoja mstaafu, ambaye aliingia mtaani humo nyumba zikiwa bado zanuka rangi, na ambaye sasa ni mmoja wa wazee wa chama cha wakazi.

"Habari yako, mzee," nikamsalimu.

"Njema, binti yangu. Karibuni mketi."

Nilipomweleza haja yetu, alicheka. "Ukiniuliza nyumba yangu ni bei gani nitakudanganya. Kila mtu huiona nyumba yake ni kasri. Niulize ya jirani, hiyo nitakuambia kweli."

Msomaji, chukua ujanja huu mmoja niliojifunza siku hiyo. Ukimwuliza mtu, "Nyumba yako uliinunua pesa ngapi?" atakutazama kama mwizi. Lakini ukimwuliza, "Hivi nyumba za koti hili zinafika milioni 12?" atakujibu upesi, "Ah, hazifiki." Ukimwuliza kama zinapita milioni 10, atasema, "Hiyo zinapita." Polepole unaufunga uzio mpaka bei inabaki katikati. Na kila bei tuliyoipata tuliitafutia shahidi wa pili kabla ya kuiandika daftarini, kwa sababu watu hujisifu kwa kununua rahisi kama wanavyojisifu kwa kuuza ghali.

Wapo mashahidi wengine wa kuulizwa. Wakili anayeshughulikia mauzo ya nyumba hawezi kukupa siri za wateja wake, lakini anaweza kukuambia kama bei uliyotajiwa inafanana na zile anazoziona. Mthamini aliyesajiliwa, hata wewe unaweza kumwajiri, usingoje yule wa benki. Kazi yake kubwa ni hiyo hiyo ya kulinganisha, ila yeye ana kumbukumbu za miaka mingi. Benki nayo haiwezi kukupa mkopo kabla ya mthamini wake kuikagua nyumba, na kwa kuwa kwa kawaida wewe ndiwe unayelipia kazi hiyo, omba nakala ya ripoti uisome. Angalia nyumba alizolinganisha nazo ni zipi.

Utasikia pia juu ya takwimu zinazotolewa kila robo ya mwaka, kama zile za kampuni ya HassConsult au za Chama cha Mabenki nchini, ambacho kilianza kuchapisha zake mwaka 2015. Hizo zitakuonyesha kama bei zinapanda au zinashuka kwa jumla. Usizitarajie zikuambie nyumba yenye paa linalovuja, kwenye koti lile, ni ya shilingi ngapi.

Kalamu na karatasi

Baada ya Jumamosi nne tulikuwa na nyumba tano daftarini, zote za awamu ile ile na zenye vyumba vitatu. Tuliketi mezani watoto walipolala, Baba Watoto akachora mistari.

Mbili tulizifuta mara moja. Moja iliuzwa kwa milioni 8, lakini kaka alikuwa akimwuzia mdogo wake, na bei ya ndugu ni nusu zawadi. Ya pili iliuzwa kwa mnada kwa milioni 8.9 baada ya mwenyewe kushindwa kulipa mkopo. Bei ya mnada ni bei ya haraka na ya dhiki. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yenyewe inamtaka mkopeshaji atafute bei bora awezavyo, na kipimo inachokitumia ni bei ya mali ya aina ile ile inayouzwa sokoni. Bei ya mnada ikipungua kwa robo au zaidi chini ya kipimo hicho, mkopeshaji huchukuliwa kuwa hakutimiza wajibu wake mpaka athibitishe vingine. Kwa hiyo usimwendee mtu anayeuza kwa hiari yake ukamtajia bei ya mnada.

Zikabaki tatu, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu hakuna nyumba mbili zilizo sawa kabisa. Lazima uulize: nyumba ile ingekuwa kama hii ninayoitaka, ingeuzwa pesa ngapi?

Ya kwanza ilikuwa milango mitatu tu kutoka kwa tuliyoitaka. Iliuzwa miezi minane kabla kwa milioni 11.6. Lakini ilikuwa imewekwa vigae vipya, jiko jipya, bafu mpya na tangi la maji la chini ya ardhi. Fundi wetu alikadiria kwamba kazi hiyo ingetugharimu shilingi 700,000. Tukaziondoa, ikabaki milioni 10.9.

Ya pili ilikuwa ile ya kona aliyoisifia dalali. Naam, tuliipata! Haikwenda milioni 13 na nusu bali 12.9, na lile ambalo hakutuambia ni kwamba mwenyewe alikuwa amejenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma, kwenye ardhi ya ziada ya pembeni. Aliyeinunua alinunua nyumba na biashara pamoja. Tulikadiria vyumba hivyo na ile ardhi kuwa milioni 2.1, tukabaki na milioni 10.8. Na nikutahadharishe: vyumba vya kuongezwa namna hiyo havina thamani yoyote ikiwa kaunti haikutoa kibali na kesho inaweza kuja kuvibomoa.

Ya tatu ilifanana na yetu kama pacha, haijaguswa tangu ilipojengwa. Iliuzwa kwa milioni 10.4, lakini miaka miwili ilikuwa imepita. Tuliongeza shilingi 500,000 kwa ajili ya muda huo, ikafika milioni 10.9.

Tazama basi. Nyumba tatu zilizouzwa kwa bei tatu mbalimbali, zilipofanywa zifanane, zilisimama karibu mahali pamoja. Yetu ilikuwa na paa la kurekebishwa. Kwa hivyo tuliandika chini ya mstari: kati ya milioni 10.6 na milioni 10.9.

Dalali alikuwa akitaka 13. Huenda ukasema tofauti ya milioni mbili na kidogo si ya kuua mtu kwa anayenunua nyumba ya mamilioni. Hebu ihesabu kama mkopo. Shilingi milioni 2 zikikopwa kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20, malipo yake ni karibu shilingi 24,900 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa karibu milioni 6. Hiyo ni karo ya watoto, bima ya matibabu na nauli ya kwenda kuwaona wazazi mashambani, vyote vikimezwa na bei ambayo haikuwa na msingi. Ushuru wa stempu nao, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, hupanda pamoja na bei.

Mwenye nyumba

Tulikuwa tumeambiwa kwamba mwenye nyumba yuko ng'ambo na hawezi kuonekana. Siku moja nilimgusia yule mzee jambo hilo, naye akaangua kicheko.

"Ng'ambo gani? Jana nilimwona akinunua maziwa hapo dukani!"

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane aliyehamia kwa binti yake, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tulikwenda kumsalimu Jumapili mchana, mzee akiwa ndiye mwenyeji wetu. Mama alitupa chai na mkate. Alitaka kuuza nyumba ili arudi mashambani, ajenge, na kitinda mimba wake amalize mwaka wa mwisho chuoni. Alisema watu wengi walikuja kuitazama nyumba ile kwa zaidi ya mwaka, wakaipenda, wakaondoka bila kusema neno wala kurudi. Alikuwa ameanza kuamini kwamba nyumba imeingiwa na nuksi.

Baba Watoto akamwuliza kwa heshima, "Mama, na hiyo milioni 13 haiwezi kupungua?"

Mama aliweka kikombe chini. "Kumi na tatu? Mimi nilimwambia nataka 11. Hiyo nyingine imetoka wapi?"

Msomaji, kulikuwa na kimya pale sebuleni. Dalali alikuwa ameongeza milioni mbili zake juu ya bei ya mwenyewe, mbali na ada ambayo angelipwa. Kila mnunuzi aliyekimbia alikuwa akiikimbia bei ya dalali, wala si ya mama. Binti yake, aliyekuwa akihangaika kumtafutia mdogo wake karo, alitoka nje akaenda kusimama uani peke yake.

Tulitoa daftari letu, tukamwonyesha nyumba moja moja na jinsi tulivyohesabu. Naye akaturekebisha mahali pamoja: mabomba ya nyumba yake yalibadilishwa yote miaka minne iliyopita, jambo ambalo hatukulijua. Tulikubaliana milioni 10.75. Dalali alilipwa ada yake kama walivyokuwa wamepatana na mama. Alichokosa ni zile milioni mbili tu. Wakili aliandika mkataba, tukalipa asilimia 10 kwanza na iliyobaki ikatolewa siku ya kukamilisha, kama ilivyo desturi.

Nimekueleza hayo ili usidhani kwamba kulinganisha bei ni silaha ya kumnyonyea muuzaji. La hasha. Karatasi ile ile iliyotulinda sisi ilimlinda mama pia, kwa sababu kama angekuja mnunuzi mjanja na kumtisha kwa nuksi akamtaka auze kwa milioni 9, sasa angejua la kumjibu.

Rahisi inayotisha

Daftari lilitusaidia upande wa pili vilevile. Mwezi wa tano wa kutafuta kwetu tulionyeshwa nyumba nyingine ya awamu ile ile kwa milioni 7.5, na tukahimizwa tutoe arubuni siku hiyo hiyo kwa kuwa wengine walikuwa njiani. Nyumba nzuri, iliyopakwa rangi mpya. Asiyejua bei za jirani angeona amebahatika. Sisi tulijua kwamba wenzake walikuwa wakiuza kwa zaidi ya milioni 10, kwa hiyo tukajiuliza, huyu ana nini? Tulifanya sachi. Kumbe jina kwenye hati lilikuwa la marehemu, urithi haujaamuliwa na mahakama, na jamaa mmoja alikuwa ameweka zuio. Kizuri chajiuza, na kikijiuza kwa bei ya kutupwa, mwite wakili kabla ya kumwita mwenye gari la kuhamisha vyombo.

Kwa wale wanaonunua nyumba za ghorofa, njia ni hiyo hiyo, ila kipimo ni mita ya mraba. Nyumba ya mita 120 inayouzwa milioni 9.6 ni shilingi 80,000 kwa kila mita. Linganisha kwanza na zilizouzwa katika jengo hilo hilo, kisha majengo ya jirani. Uliza kama mita hizo ni za ndani tu au wamehesabu na roshani na ngazi. Uliza ada ya kila mwezi ya ulinzi, lifti na usafi, maana nyumba mbili za bei moja si sawa ikiwa moja inalipishwa mara mbili ya nyingine. Na uliza kama kila nyumba ina hati yake chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo.

Angalia pia miaka iliyobaki kwenye hati za kukodi. Ukodishaji wa miaka 99 ulioanza mwaka 1975 utakwisha 2074. Ukilinganisha nyumba ya namna hiyo na nyingine yenye miaka 80 mbele yake, usisahau tofauti hiyo.

Jambo la mwisho ni juu ya karatasi. Mtu akikuonyesha mkataba wa jirani kama ushahidi wa bei, usiumeze mzima mzima. Wapo wanaoandika bei ndogo wakijaribu kukwepa ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mauzo, ambayo ilipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023. Wapo pia wanaoandika bei kubwa ili benki itoe mkopo mnene. Wa kwanza huweza kunaswa mthamini wa serikali anapokadiria thamani, na wote wawili wanacheza na sheria. Ndiyo maana nilisema kila bei itafutiwe shahidi wa pili.

Basi, kama unapanga kununua nyumba mwaka huu au baada ya miaka mitano, nunua daftari leo. Chagua mitaa miwili ambayo mfuko wako unaweza kuifikia. Kila unaposikia nyumba imeuzwa huko, andika tarehe, vyumba, hali yake na bei, na jina la aliyekuambia. Jumamosi moja kila mwezi itatosha. Siku utakapotajiwa bei, hutahitaji kukuna kichwa, utafungua daftari na kuuliza, "Je, ile ya koti la tatu, mbona ilienda kwa 10 na nusu?" Na yule anayekuuzia atajua kwamba leo amekutana na mtu anayeujua mtaa.